UZI: Straika chipukizi wa Pwani, miaka 16 hadi 21. Klabu, mkataba, mwili na ufungaji

Skauti_Pwani

Assalam aleikum wanajukwaa. Kila dirisha la usajili likikaribia, swali ni lile lile: kijana ana miaka kumi na saba, anafumania nyavu kila wikendi pale Serani ama Bomu, sasa apelekwe wapi? Tufungue uzi mmoja ulioshiba, kila mwenye fani yake aseme ya fani yake. Naanza na uchaguzi wa klabu, kwani hapo ndipo vijana wengi wa kwetu hupotelea.

Ulizeni dakika kwanza, mshahara baadaye. Ligi kuu yetu ya Kenya ni timu 18, mechi 34, yaani dakika 3,060. Straika wa miaka 18 ama 19 asiyepata karibu nusu ya hizo, tuseme 1,500, huo msimu kwangu nauhesabu umempita. Mazoezini beki ni mwenzako, anakujua, na hakukanyagi kwa makusudi. Mechi ndiyo humfunza mtu kukaa dakika sabini bila mpira wa maana, kisha nafasi moja ije na mguu usitetemeke.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, yajibuni haya. Klabu ina washambuliaji wangapi, na wageni kutoka nje ni wangapi? Klabu haimleti mgeni, ikamlipia nyumba na kibali cha kazi, ili imkalishe benchi. Kocha anachezesha straika mmoja au wawili? Akiwa mmoja, na mbele yako kuna mfungaji wa miaka 27 aliyebakisha miaka miwili ya mkataba, utaishia kuingia dakika ya 85. Msimu uliopita ni vijana wangapi chini ya miaka 20 walianza mechi? Na mkataba wa kocha mwenyewe unaisha lini? Hili la mwisho watu hulisahau. Kocha aliyekupenda akiondoka Disemba, anayekuja ana watu wake.

Tazameni njia walizopita waliofika. Michael Olunga alikuwa Tusker, akatolewa kwa mkopo Thika United, ndipo akaenda Gor Mahia akafunga mabao 19 ya ligi mwaka 2015. Mwaka uliofuata akatua Djurgården ya Uswidi. Mbwana Samatta aliondoka Simba 2011 akakaa TP Mazembe hadi Januari 2016, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015, na alipokwenda Genk alikuwa amekwisha kuiva. Harry Kane mwenyewe alizungushwa kwa mkopo Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla Tottenham hawajamwamini. Hakuna aliyeruka ngazi.

Changamwe9

Kocha nakubaliana nawe kwa dakika, lakini tuseme na upande wa pili. Huku chini, daraja la kwanza na ligi za kaunti, hakuna kamera, rekodi za mabao hazitunzwi, na uwanja una mashimo. Kijana atafunga ishirini na hakuna atakayejua. Ryan Ogam alifunga bao pekee dhidi ya Morocco kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale Kasarani Agosti 2025, na punde akawa Austria. Bao moja mbele ya kamera limefanya kazi ya misimu miwili.

Skauti_Pwani

Kweli, lakini alifika kwenye ile kamera akitoka Tusker, akiwa tayari anacheza. Ushauri wangu ni huu: klabu ya juu kabisa ambayo utaanza mechi. Ikiwa ligi kuu utakaa benchi, shuka Super Ligi ya Taifa, daraja la pili, kwa mkopo. Rekodi jitunzieni wenyewe: tarehe, mpinzani, dakika ulizocheza, bao la mguu gani, limetoka wapi. Daftari la shilingi hamsini linatosha.

Kwenye mikopo kuna mtego. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu katika msimu mmoja, lakini mechi rasmi acheze kwa mbili tu. Ukicheza klabu ya kwanza Agosti, ukaenda mkopo Januari ukacheza, huna pa tatu pa kucheza mpaka msimu uishe. Vijana huchezeshwa dakika tano zisizo na maana na klabu mama, kumbe zimewafungia mlango.

Wakili_wa_Kizingo

Nakuja kwa mikataba. Nitakwenda polepole.

Mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Hiyo ni kanuni ya FIFA, kifungu cha 18. Aliyetimiza 18, kikomo ni miaka mitano. Mkiletewa karatasi ya miaka mitano kwa mtoto wa miaka 16, msiisaini hata kama kalamu ni ya dhahabu. Na mzazi au mlezi asaini pia, asiwe shahidi wa kupita tu.

Mkataba wa kijana nausoma kwa mpangilio huu.

Mshahara, na tarehe ya kulipwa. "Mwisho wa mwezi" haitoshi. Andikeni "kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata". Sababu yake iko kifungu cha 14bis cha kanuni hizo hizo za FIFA: klabu ikikosa kulipa mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji ana haki ya kuvunja mkataba, ila lazima kwanza aiandikie klabu kuidai na kuipa muda usiopungua siku 15. Bila tarehe iliyoandikwa, kuanza kuhesabu ni ubishi. Na barua iwe barua, au barua pepe. Kumlalamikia meneja kwa simu au kwenye kundi la WhatsApp la timu hakukusaidii.

Nyongeza ya upande mmoja. Hii ndiyo inayowafunga wengi: "klabu ina hiari ya kuongeza mwaka mmoja kwa masharti yale yale". Kijana anasaini kwa mshahara wa mwanafunzi, anafunga mabao kumi na tano, na klabu inaongeza mwaka kwa mshahara ule ule. Mkishindwa kukiondoa kipengele hicho, pigeni bei: mshahara uongezwe kwa asilimia iliyotajwa, na klabu itoe taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, la sivyo hiari imekufa.

Kipengele cha kuumia. Goti likikatika ligamenti ya mbele, kijana yuko nje miezi tisa hivi, pengine zaidi. Nani analipa picha ya MRI, upasuaji, na mazoezi ya kurudi? Mshahara unaendelea? Neno "matibabu" peke yake ni bure. Kila kitu kitajwe.

Ada ya kuachiliwa, yaani bei ambayo klabu nyingine ikiilipa kijana anaondoka. Klabu ndogo hupenda kuweka kiwango kikubwa kwa kudhani inajilinda, na hapo huua soko la kijana. Mkubaliane kiwango ambacho klabu ya Tanzania au ya Skandinavia inaweza kukilipa bila mkutano wa bodi.

Bonasi ya mabao ni tamu kwa straika, lakini tazameni mshahara wa msingi kwanza. Wapo wanaopewa msingi mdogo na bonasi nono, kisha wanaumia mwezi wa pili.

Halafu makato. Tuseme mshahara ni shilingi 20,000. Kodi ya mapato hapo haipo, kwa sababu nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi inaifuta kodi yote mpaka mshahara wa 24,000. NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 1,200. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 300. Mkononi zinabaki 17,950. Mkikatwa, ingieni akaunti zenu za NSSF na SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, mhakikishe zimefika. Kukatwa na kupelekwa ni mambo mawili.

Msiondoke chumbani bila nakala iliyosainiwa na pande zote. Kesho ukienda kudai, nakala ndiyo itakayokusemea. Migogoro ya ndani hupelekwa kwenye Mahakama ya Migogoro ya Michezo, na chama cha wachezaji, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, muungano wa wachezaji wa dunia, husaidia kuandika madai. Ikiwa klabu ni ya nje na kesi inakwenda FIFA, msikae nayo. Ikipita miaka miwili tangu kosa litokee, haisikilizwi.

Umm_Swaleh

Ahsante sana wakili, Mungu akulipe. Sisi wazazi ndio tunaoshikwa na haya. Swali langu: mtoto ana miaka 16. Ametokea mtu anasema ni wakala, ana majaribio klabu ya Uturuki, anataka laki moja na nusu za "kufungua faili" na pasipoti ya mtoto abaki nayo yeye. Barua ya mwaliko ipo, ina nembo. Baba yake ameanza kulainika.

Wakili_wa_Kizingo

Mama Swaleh, muambie baba mtoto asitoe hata shilingi, na pasipoti isitoke nyumbani. Sababu ni hizi.

Kwanza, mtoto wa miaka 16 hahamishwi kimataifa. Kifungu cha 19 kinataka miaka 18 itimie. Milango iliyoachwa ni michache: wazazi wamehamia nchi ile kwa mambo yasiyo ya mpira, uhamisho kati ya nchi za Umoja wa Ulaya kwa wenye miaka 16 hadi 18, ama mtu anayeishi karibu na mpaka, ndani ya kilomita 50. Kutoka Likoni kwenda Uturuki hakuingii popote hapo. Klabu ikimchukua kwa mlango wa nyuma haiwezi kumsajili, na mtoto hubaki mji wa watu viza imekwisha.

Pili, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, amefanya mtihani, na jina lake liko kwenye orodha ya mawakala ya tovuti ya FIFA. Litafuteni jina hilo lenyewe, herufi kwa herufi. Kwa mtoto ambaye bado hajafika umri wa kusaini mkataba wa kulipwa, wakala haruhusiwi hata kumkaribia mpaka ibaki miezi sita, na kwa idhini ya mlezi iliyoandikwa. Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka miwili.

Tatu, wakala hulipwa kutokana na mkataba uliopatikana. Anayelipwa kabla anafanya biashara nyingine.

Barua ya mwaliko ichunguzeni hivi: chukueni barua pepe iliyo kwenye tovuti rasmi ya klabu, si ile iliyo kwenye barua, muwaandikie mkiwaulizia. Klabu nyingi hujibu. Anwani ya bure isiyo na jina la klabu baada ya ile alama ya @ inatosha kuwapa jibu.

MpwaWaTononoka

Kwenye karatasi niongeze jambo la majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhammad, na kadi ya timu inasema Mohammed na jina la babu limeruka. Kwenye mtaa ni mtu mmoja, kwenye mfumo wa usajili ni watatu. Rekebisheni kabla ya miaka 18, wakati kitambulisho hakijachukuliwa, maana baada ya hapo ni kiapo na wakili na gazeti la serikali.

Na umri msiuchezee. FIFA inapima kiganja kwa MRI mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009. Wanatazama mfupa wa mkono unapokutana na kiganja, kama sehemu ya kukua imeshaungana kabisa. Ukishapunguza miaka miwili, unaishi na uongo huo kwenye pasipoti mpaka ustaafu.

Golini_Tu

Jamani mmesema karatasi, sasa twende langoni. Kijana akiwa na mkataba mzuri na hafungi, wakili hana la kumsaidia.

Kosa kubwa la mazoezi yetu: baada ya saa moja na nusu za kukimbia, kocha anasema "haya, mashuti", kila mtu anapanga foleni nje ya boksi na kupiga mia. Miguu imekwisha, anapiga kwa nyonga, na kinachozoeleka ni shuti baya. Tena paja la ndani huvutika hapo hapo. Mashuti 30 hadi 40 yenye akili, mara tatu kwa wiki, mwanzoni baada ya kupasha mwili, yanatosha kabisa.

Na yasipigwe kutoka mita 20. Chora pembetatu: mlingoti mmoja, mlingoti wa pili, na alama ya penati ambayo iko mita 11. Ipanue kidogo pembeni. Mabao mengi ya washambuliaji hutoka humo, na mengi ni mguso mmoja. Basi panga mafungu manne ya mipira kumi kumi:

La kwanza, krosi ya chini kutoka kulia, unamalizia kwa mguso mmoja karibu na mstari wa mita 5.5. La pili, hivyo hivyo kutoka kushoto. La tatu, pasi ya kukata nyuma kutoka mstari wa goli, unaikuta kwenye alama ya penati. La nne, pasi ya kupenya, wewe na kipa.

Sasa mguu. Mguu wa kukanyagia uwe kando ya mpira, shibiri moja hivi, kidole kinaelekea unakotaka mpira uende. Ukikanyaga nyuma ya mpira unainuka juu ya mwamba. Ukikanyaga mbele sana unakwenda kwa kipa ukiwa umekufa. Kifundo cha mguu unaopiga kikaze. Ndani ya boksi tumia upande wa ndani wa mguu. Mgongo wa mguu uuache kwa mpira unaodunda au ulio mbali.

Macho: mtazame kipa kabla ya mguso wa mwisho, kisha rudisha macho kwenye mpira mpaka umeupiga. Vijana hufanya kinyume, wanatazama mpira wakati wa kukimbia na kuinua kichwa wakati wa kupiga.

Ukiwa peke yako na kipa ukitokea pembeni, chini kwenye mlingoti wa mbali ndiyo chaguo la kwanza. Kipa amefundishwa kufunga karibu, akiupangua unarudi katikati ambapo mwenzako yupo, na ukikosa kidogo bado kuna mtu wa kuusukuma.

Yote hayo ni robo ya kazi. Robo tatu ni kufika pale. Beki anatazama mambo mawili, mpira na wewe, na hawezi kuyatazama kwa pamoja ukikaa nyuma ya bega lake. Winga anapojiandaa, piga hatua mbili za kweli kuelekea mlingoti wa karibu, beki akikufuata, kata urudi nyuma ya mgongo wake. Mwanzo wa mbio ni pale winga anapoinua kichwa akiwa amejitengea mpira. Ukianza kabla unafika mapema na kusimama, na straika aliyesimama ndani ya boksi ni mtu wa kuzuiwa tu.

Changamwe9

Ofsaidi inawamaliza vijana wetu, Golini. Mabao matatu kwa mechi yanakataliwa.

Golini_Tu

Kwa sababu wanakimbia moja kwa moja kuelekea goli. Kimbia sambamba na mstari wa mabeki kwanza, kama upinde, halafu ukate pasi inapotoka mguuni. Kwa njia hiyo una kasi tayari na bado hujauvuka mstari wao. Mkono na kiganja havihesabiwi kwenye ofsaidi, lakini bega hadi mwisho wa kwapa linahesabiwa, na goti na kichwa pia, kwa hivyo ukiegemea mbele kichwa chako kimeshaotea. Mtazame beki aliye nyuma kabisa, karibu na goli lao, siyo anayekukaba. Yeye ndiye anayekuweka sawa.

Jambo jingine, makocha wa ligi kuu siku hizi wanamtoa straika asiyekimbiza mabeki. Mkimbize beki wa kati kwa pembe, ukimfungia njia ya mwenzake wa kati, aende pembeni. Hatua sita saba za kasi kweli, kisha rudi. Ukikimbia ovyo dakika ishirini, nafasi ikija dakika ya sabini pumzi haipo.

Msuli_na_Mfupa

Mimi ni wa upande wa tiba, nitasema yale yanayowaondoa vijana uwanjani.

Msuli wa nyuma ya paja ndio adui wa straika, kwa mbio za ghafla. Mazoezi ya FIFA 11+ ni mazoezi 15, dakika 20, hayahitaji kifaa isipokuwa mpira na alama: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Angalau mara mbili kwa wiki. Ndani yake kuna lile la kupiga magoti, mwenzako akashika vifundo, ukajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka. Anza na mara 3 hadi 5, baada ya wiki kadhaa 7 hadi 10, kisha 12 hadi 15. Wiki ya kwanza utaumwa. Kijana huacha hapo, na hapo ndipo faida ilikuwa inaanza. Siku moja kabla ya mechi usilifanye.

Joto la kwetu la Februari na Machi, na ule unyevu, ni tatizo la peke yake. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, ukiwa na nguo kavu. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na inahitaji lita moja na nusu kurudishwa, taratibu kwa saa chache. Ukivuja sana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni ndogo kuliko jasho lako, basi usilitegemee peke yake.

Ramadhani: mazoezi magumu yawe baada ya futari, saa mbili hivi baadaye, wengi hufanya baada ya tarawehe. Kabla ya magharibi fanya mepesi tu, nusu saa, ili ukimaliza ufuturu. Maji yagawe kidogo kidogo hadi daku, usimimine lita mbili alfajiri. Kwenye daku, uji, mayai, mbaazi au maharagwe. Viazi karai na bhajia za futari ziwe za kuonja, maana tumbo likijaa mafuta mazoezi ya usiku hayaendi.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Muguka na miraa zina kathinoni na kathini, na zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku wakati wa mashindano. Kathini ina kikomo cha mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Kipindi cha mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi, kwa hivyo kutafuna jioni ya kabla si kinga, kwa sababu mkojo wa kesho bado unayo. Bangi vivyo hivyo. Tramadol, ile dawa ya maumivu, imeingia kwenye marufuku hiyo tangu Januari 2024, na sindano za steroidi za kutuliza goti tangu 2022. Muuza dawa wa mtaani hajui haya. Kabla ya kumeza au kuchomwa chochote mwambie daktari wewe ni mchezaji unayepimwa, na kama dawa ni ya lazima kuna kibali cha matibabu kinachoombwa kupitia ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni.

MpwaWaTononoka

Njumu je? Wengi wananunua Kongowea.

Msuli_na_Mfupa

Mtumba si haramu, ila kagua. Ikunje njumu kwa mikono miwili: inatakiwa ijikunje pale vidole vinapoanzia. Ikijikunja katikati ya unyayo, sahani ya chini imekufa, iache. Bonyeza kisigino kwa gumba, kiwe kigumu. Tazama meno ya chini kama yameisha upande mmoja, hiyo imeshazoea mwendo wa mtu mwingine na itakupindisha goti. Jaribu ukiwa na soksi za mechi, jioni miguu ikiwa imevimba, na mbele ya kidole ibaki nafasi ndogo tu.

Kwa viwanja vyetu vikavu, meno mafupi na mengi. Yale marefu sita ya nyasi laini hayazami ardhini, uzito wote unakaa kwenye nukta chache, na kijana anaanza kulalamika kisigino na mbele ya goti.

MwenyekitiWaMtaa

Sisi tunaolea hawa watoto tangu miaka 12 tunapata nini? Timu kubwa inakuja, inachukua, hata mpira haituachii.

Wakili_wa_Kizingo

Mwenyekiti, haki ipo, lakini kwa timu iliyosajiliwa na shirikisho, na mtoto aliyesajiliwa kwenye timu hiyo. Jina kwenye daftari la kocha halitambuliwi na FIFA.

Kuna vitu viwili. Mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Msimu wa miaka 12 hadi 15, kila mmoja ni asilimia 0.25 ya bei. Wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Chukua mfano kijana ameuzwa dola 200,000, na mlikuwa naye kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa 17. Misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1, dola 2,000. Miwili iliyofuata ni asilimia 1 nyingine, dola 2,000. Jumla 4,000. Na mnapata kila akiuzwa tena.

Cha pili ni fidia ya mafunzo, anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa klabu ya nchi nyingine, au kuhamia nje akiwa mchezaji wa kulipwa, mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Hiyo inahesabiwa kwa daraja la klabu inayomchukua. Ikiwa ya daraja la nne, la chini kabisa, hailipwi.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi ya FIFA ya malipo, na historia ya mchezaji inakusanywa kwa mfumo. Kwa hivyo kazi yenu ni kila msimu kuhakikisha usajili wa watoto umeingia, na klabu ina akaunti ya benki kwa jina lake, siyo la mwenyekiti.

BintiMajengo

Na wasichana msitusahau. Masharti ya mkataba ni yale yale, nyongeza ni moja: kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kike likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na kumfukuza kwa sababu ya ujauzito ni kosa. Mkataba usio na neno hilo bado unafungwa na kanuni hiyo.

Umm_Swaleh

Nimesoma yote, nimemsomea na baba yake. Amekubali tusubiri. Sasa akitimiza 18, video ya kutuma klabu iweje? Kijana mmoja ametutengenezea ya dakika kumi na mbili yenye muziki.

Skauti_Pwani

Ipunguzeni mama. Dakika tatu hadi nne. Muziki utoke. Sekunde tano za mwanzo ni maandishi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, urefu, mguu anaotumia, klabu, na nambari ya kuwasiliana na mzazi au wakala mwenye leseni.

Kisha mabao, lakini kila bao lianze sekunde nane kabla, tuone alitoka wapi na alimkimbiaje beki. Bao lililokatwa likaanzia kwenye shuti halituambii kitu. Mwekeeni mshale au duara sekunde moja mwanzoni mwa kila kipande ili asitafutwe. Baada ya mabao, vipande vinne vitano vya kushikilia mpira akiwa amempa beki mgongo, vitatu vya kumkimbiza beki, na viwili vya mpira wa kichwa. Msiweke danadana wala vyenga vya katikati ya uwanja.

Na pamoja na video, tumeni kiungo cha mechi mbili nzima, dakika 90, moja waliyoshinda na moja waliyofungwa. Skauti akiipenda ile fupi, ya kufungwa ndiyo atakayoifungua kwanza. Simu iwekwe juu, ghorofani au kwenye jukwaa, iwe ya kulala, na mpigaji asifuate mpira kwa karibu. Mstari wa mabeki wote uonekane.